Kisichojaribiwa Si Kilichopotea

Mteja anayesimama mbele ya kibanda cha fundi wa kompyuta kule Kawangware, Nairobi, upande uitwao Congo, haulizi mambo mengi. Diski yake imetolewa kwenye laptop, imeunganishwa na mashine ya fundi, na kwenye skrini nyeusi namba zinabadilika kila sekunde. "Fundi, imefika ngapi?" "Tisini na tisa, mama. Kimebaki kidogo." Mama anaenda zake akiamini kwamba picha za harusi zimepona karibu zote. Huenda ni kweli. Huenda pia hicho kidogo kilichobaki ndicho kilichobeba majina na anwani za picha zote, na pasipo hicho asilimia tisini na tisa ni rundo la baiti lisilojulikana lianzie wapi. Skrini ilisema mengi zaidi. Fundi alichagua kusoma namba moja, akaangukia ile yenye habari chache kuliko zote.

Programu inayoandika skrini hiyo ni GNU ddrescue. Ilianza kutolewa mwaka 2004, mwandishi wake ni Antonio Díaz Díaz, na isichanganywe na dd_rescue ya Kurt Garloff, ambayo inatofautiana nayo jina kwa kistari kimoja cha chini lakini kwa mwenendo ni mbali. Ni programu huria isiyo na dirisha wala vitufe. Unaiandikia amri, nayo inaanza kunakili diski mbovu kwenda kwenye faili moja kubwa au diski nyingine nzima. Haijui picha, haijui video, haijui kitabu cha hesabu za duka. Inajua mahali na ukubwa tu. Ndiyo maana maandishi yake ni makavu, na ukavu huo umewafanya wengi wayachukulie kama kelele za mashine. Mimi nayaweka miongoni mwa maandishi yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa niliyowahi kuyaona kwenye kompyuta. Yana kasoro zake, nitazifikia.

Tuanze na umbo la nje. Katika toleo la 1.23, skrini ina mistari mitano iliyojaa, na kila mstari una vipande vitatu vilivyotengwa kwa mkato. Chini yake kuna mstari mmoja mfupi wa muda uliopita tangu usomaji wa mwisho uliofaulu, kisha mwingine unaotaja hatua ya kazi. Jicho lililozoea gazeti linaanzia kushoto kwenda kulia, na likifanya hivyo linakutana na mchanganyiko usioeleweka: mahali programu inaposoma sasa, halafu baiti ambazo kingo zake hazijapunguzwa, halafu kasi. Vitu hivi havina udugu wowote isipokuwa kulala mstari mmoja. Aliyesoma mashairi yetu atalitambua umbo hili upesi. Kila mshororo una ukwapi, utao na mwandamo, yaani kipande cha kwanza, cha pili na cha tatu, kama ukawafi, na kama katika ukawafi, kinachoviunganisha vipande kinakwenda kutoka juu kushuka chini. Ukiusoma ukwapi peke yake hadi mwisho, kisha utao, kisha mwandamo, maandishi yanafunguka.

Ukwapi ni wa mahali na matokeo. Unaanza na "ipos", yaani kichwa cha usomaji kimefika wapi kwenye diski mbovu, na "opos", kinaandika wapi kwenye nakala. Chini yake ni "non-tried", sehemu ambayo haijaguswa; halafu "rescued", iliyosomeka; halafu asilimia ya iliyosomeka. Utao ni wa ubovu: kiasi kilichokataa na hakijapunguzwa kingo, kiasi kilichopunguzwa kingo lakini hakijakwanguliwa ndani, sekta zilizothibitika kukataa, idadi ya maeneo mabovu, na idadi ya makosa ya usomaji. Mwandamo ni wa mwendo: kasi ya sasa, kasi ya wastani, kasi ya makosa, muda uliotumika, muda uliobaki.

Angalia sasa "non-tried" imekaa wapi. Vipimo vitatu vya utao, vya juu kabisa, ni hatua tatu za kitu kimoja, baiti zinazosogea kutoka shaka moja hadi nyingine. Sehemu isiyoguswa ingeweza kuwekwa juu yao kama mwanzo wa safari hiyo, na mpangaji mvivu angeiweka hapo, maana kihesabu vyote vinne ni "ambavyo hatunavyo bado". Mwandishi hakufanya hivyo. Aliiondoa kwenye safu ya ubovu akaiweka kwenye ukwapi, jirani ya iliyookolewa, mstari mmoja tu juu yake. Kwa mpangilio huo skrini inatoa hoja ambayo haijaandikwa popote kwa maneno: eneo ambalo hujalijaribu huna ruhusa ya kulihesabu pamoja na mabovu. Liko karibu zaidi na yaliyopona, kwa kuwa katika diski nyingi mbovu sehemu kubwa kabisa ni nzima, imekosa tu kufikiwa.

Kwa fundi jambo hili lina uzito wa pesa. Hatua ya kwanza ya ddrescue hukimbia: ikikutana na sehemu inayokataa inairuka, inaenda kukusanya penye urahisi, na baadaye inarudi, safari nyingine ikitokea mwisho wa diski kuja mwanzo. Kinachorukwa hakihukumiwi. Diski inayokufa ina pumzi chache, na ukizimaliza kwa kung'ang'ania sekta moja iliyooza utakosa mamilioni yaliyokuwa tayari kusomeka. Kwa hiyo saa ya kwanza inaweza kuonyesha "non-tried" kubwa ya kutisha, na fundi mgeni akiiona anamwambia mteja diski imekwisha. Kumbe haijaulizwa.

Nirudi kwenye utao, maana vipimo vyake vitano si vya aina moja. Vitatu vya juu vinahesabu baiti, cha nne kinahesabu maeneo, cha tano kinahesabu majaribio yaliyoshindwa. Ukivichukua vyote kama kiasi cha ubovu, utajidanganya kwa njia mbili tofauti. Makosa ya usomaji yanapanda tu: sekta moja ikijaribiwa mara kumi na kukataa mara kumi ni makosa kumi, ilhali kilichoharibika ni kilekile. Maeneo ni tatizo la aina nyingine. Tuseme kuna sekta tano mbovu zilizofuatana. Hilo ni eneo moja. Programu ikirudia na kufanikiwa kuisoma ya katikati, sasa kuna maeneo mawili, huku baiti mbovu zikiwa zimepungua. Namba imepanda kwa sababu hali imekuwa nzuri. Anayetazama kwa mbali akaona moja imekuwa mbili atashika kichwa, na aliyeandika skripti ya kupiga kengele kila idadi ya maeneo inapoongezeka amejitengenezea kengele inayolia wakati wa kushangilia.

Na skripti ndiyo njia inayowajia haraka vijana wa Kibera na Kawangware wanaojua programu kidogo. Kibanda kina mashine mbili tatu zinazonakili usiku kucha, mwenye kibanda amelala Lindi au Satellite, na angependa simu yake imwambie kazi imefika wapi. Wazo la kwanza ni kuielekeza skrini kwenye faili, kisha kuikata kwa mkato na nukta mbili. Hapo umbo la maandishi linaanza kumpinga.

Kwanza, skrini hii haiandikwi kwenda mbele. Kila sekunde programu inatuma alama za siri zinazokipandisha kishale juu mstari baada ya mstari, kisha inaandika upya palepale. Kwenye terminali unaona namba zikigeuka mahali pake, kwa utulivu. Kwenye faili unapata mistari ileile mamia ya mara, imechanganyika na alama za kupandisha kishale. Ni maandishi ya wakati uliopo pekee: jana yake inafutwa na leo, na hayakukusudiwa kuwa kumbukumbu.

Pili, vipimo vinabadilika. Namba ikiwa fupi inaandikwa kwa baiti, ikirefuka inahamia kipimo kikubwa zaidi, ili safu zisivunjike. Diski ya GB 500 iliyosomeka yote itaandikwa 500107 MB. Diski ya TB 4 itaandikwa 4000 GB. Skripti inayochukua namba na kutupa herufi zinazoifuata itaapa kwamba ya kwanza ni kubwa mara mia na zaidi kuliko ya pili. Na MB hapa ni milioni kamili, isipokuwa mtumiaji ameomba vipimo vya msingi wa mbili. Tatu, mahali penye kipimo pengine pameandikwa "n/a", na skripti inayongoja namba inaanguka. Nne, majina yenyewe yamebadilika toleo hadi toleo. Zamani kulikuwa na kipimo kimoja kilichoitwa "errsize" kilichojumlisha kila kilichokataa, bila kujali kimekataa kwa kiwango gani. Baadaye jumla hiyo ikavunjwa, ndipo utao ukapata sura niliyoieleza. Mabadiliko hayo niliyafurahia kama msomaji. Aliyekuwa na skripti ya zamani nadhani hakuyafurahia.

Upinzani huo naona una haki. Skrini iliandikwa kwa jicho la mtu aliyeketi mbele yake, na kwa mashine kuna maandishi mengine, ambayo ndiyo kazi yenyewe hasa: faili ya ramani. Mtumiaji akitaja jina la tatu kwenye amri, baada ya diski na nakala, programu inaweka hapo hali ya kila kipande cha diski. Zamani mwongozo uliiita faili ya kumbukumbu. Tangu toleo la 1.20 inaitwa ramani, na kwa kweli haisimulii nini kilitokea lini, inasema nini kiko wapi. Inahifadhiwa mara kwa mara kazi ikiendelea. Stima ikipotea usiku wa manane, kesho yake unaandika amri ileile na programu inaanzia pale ilipofika. Anayefanya kazi bila ramani, stima ikirudi anaanza upya, na diski ile haitamngoja.

Huu ni mfano nilioutunga wa ramani ya diski ya baiti 500,107,862,016, baada ya hatua ya kupunguza kingo:

0x00000000  0x3A000000  +
0x3A000000  0x00000200  -
0x3A000200  0x0000FC00  /
0x3A00FE00  0x00000200  -
0x3A010000  0x7436BF6000  +

Kila mstari una vitu vitatu tena: mwanzo, urefu, alama. Namba ni za msingi wa kumi na sita. Jumlisha mwanzo na urefu wa mstari wowote, utapata mwanzo wa mstari unaofuata, bila kukosea hata baiti moja. Jumlisha mstari wa mwisho, utapata mwisho wa diski. Hii ndiyo kanuni ya umbo ninayoipenda kuliko zote. Ramani hii hairuhusu pengo. Hakuna mahali kwenye diski pasipokuwa na alama, kwa sababu hata kutojua kuna alama yake. Programu inapoanza, kabla ya kusoma chochote, ramani ni mstari mmoja: kuanzia sifuri hadi mwisho, alama ya kuuliza.

Alama ni tano. Ya kuuliza ni eneo lisilojaribiwa. Nyota ni bonge lililokataa na kingo zake hazijatafutwa. Mkwaju ni bonge lenye kingo zinazojulikana lakini ndani yake hakujakwanguliwa. Kistari ni sekta iliyoulizwa peke yake ikakataa. Kujumlisha ni kilichosomeka.

Sasa soma mistari mitatu ya katikati pamoja. Programu iliomba KB 64 kwa mkupuo mmoja, ikakataliwa, ikaweka nyota. Baadaye ikarudi: ikaingia kwa mbele, sekta moja moja, ikakutana na mbovu mwanzoni kabisa, ikasimama. Ikaingia kwa nyuma, ikakutana na mbovu mwishoni kabisa, ikasimama. Ndipo tukapata kistari, mkwaju, kistari. Baiti 512 mbovu kila upande, na katikati baiti 64,512, yaani sekta 126. Msomaji wa haraka huona KB 64 zimeharibika. Ramani haikusema hivyo. Imesema kuna sekta mbili zilizokataa, na kati yake sekta 126 ambazo hakuna hata moja iliyowahi kuulizwa yenyewe. Zilikataliwa kwa pamoja kwa sababu ya jirani zao. Huenda zote ni nzima. Hatua ya kukwangua ndiyo itakayoziuliza moja baada ya nyingine, na mara nyingi hapo panapatikana kitu.

Ukishaiona hivyo, alama nne kati ya tano zinageuka kuwa daraja za swali lilelile. Ya kuuliza: sijagusa. Nyota: nimegonga, sijajua tatizo linaanzia wapi. Mkwaju: najua mipaka, sijaingia. Kistari: nimemuuliza mwenyewe, amekataa, mpaka sasa. Nasema mpaka sasa kwa kuwa mtumiaji anaweza kuamuru kistari kirudiwe, na diski iliyokataa asubuhi ikiwa na joto inaweza kukubali jioni imepoa. Ni kujumlisha pekee ambako programu haiulizi tena. Lugha nzima ya alama tano imejengwa kuchelewesha hukumu, na ndani yake hakuna alama inayosema "kimepotea".

Asilimia haina subira hiyo. Kwa ramani ile ya mfano skrini itasema 99.99, kwa sababu kilichobaki ni baiti 65,536 kati ya bilioni mia tano. Namba hiyo ni sahihi na haisaidii. KB 64 zikianguka kwenye eneo tupu, mteja hatajua kamwe kwamba kuna kitu kilikosekana. Zikianguka katikati ya video, kuna sekunde itakayokatika. Kwenye kadi ya kamera iliyopangwa kwa FAT32, jedwali linaloeleza kila faili imekaa vipande gani liko karibu na mwanzo wa kadi. Zikianguka humo, picha zipo lakini huenda isijulikane vipande vyake vinaendelea wapi, na fundi anaweza kulazimika kutumia PhotoRec ya Christophe Grenier, ambayo huzitafuta kwa sura ya baiti zao za kwanza na kuzirudisha bila majina yake ya awali. Kiasi ni kilekile katika hali zote tatu. Tofauti iko kwenye safu ya kwanza ya ramani, ya mahali, na asilimia huanza kazi kwa kuitupa safu hiyo.

Mtu wa Kibera hahitaji kuelezwa sana juu ya ramani inayonyamaza. Hadi mwaka 2009 eneo lile, lenye maelfu kwa maelfu ya watu, lilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni, na kwenye ramani rasmi lilisemwa kuwa msitu. Novemba mwaka huo mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Mikel Maron na Erica Hagen pamoja na vijana wa hukohuko, ulianza kupita vichochoroni na vifaa vya GPS: Kianda, Gatwekera, Makina, Mashimoni, Laini Saba, Silanga. Waliweka vituo vya maji, vyoo, zahanati, shule, makanisa, misikiti, na kuvipeleka OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri.

Kinachonishughulisha kama mhakiki wa umbo ni hali ya ramani kabla vijana hao hawajatoka na GPS. Karatasi ile haikuwa na alama ya kuuliza. Kama mahali pasipopimwa pangechorwa kwa mistari ya pembeni na kuandikwa "hapajapimwa", msomaji angejua kuna kazi iliyobaki. Badala yake pameachwa peupe, au pamepakwa kijani. Weupe unasomeka kama hakuna kitu. Kijani kinasomeka kama kuna kitu kingine. Katika lugha ya ddrescue, eneo la alama ya kuuliza lilikuwa limepewa alama ya kujumlisha, kana kwamba limeshasomwa na kukutwa na miti. Miti ilikuwapo kweli zamani. Jina la Kibera lenyewe, Kibra kwa Wanubi waliokaa pale tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, linahusishwa na msitu. Ramani ilibaki na usomaji wa zamani na haikuonyesha umri wake.

Ugomvi wa idadi ya watu ulikuwa na ugonjwa huohuo. Kwa miaka ilikuwa ikirudiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakapandisha zaidi. Sensa ya 2009 ikatoa 170,070. Namba mbili hizo zikatembea magazetini na kwenye matatu, kila moja peke yake, kama asilimia ya fundi. Wachache walidai kuona safu ya pembeni: mpaka wa Kibera umechorwa wapi katika kila hesabu, nyumba zipi ziligongwa mlango, zipi hazikujibu. Mimi mwenyewe naelekea kuiamini sensa kuliko uvumi wa milioni. Ila ningeiamini kwa utulivu zaidi kama namba hiyo ingetembea na ramani yake.

Pengo lisilo na alama lipo hata ndani ya nakala ya ddrescue, na hapa programu imefikiri kuliko wachoraji wengi. Nakala inapokwisha, mahali pa sekta zilizokataa panabaki sifuri ikiwa faili ya nakala ilikuwa mpya. Sifuri hizo hazitofautiani hata kidogo na sifuri halali za eneo tupu. Atakayepewa nakala bila ramani ataona utulivu mtupu, kama kijani cha msitu. Kwa hiyo ipo hali ya kujaza: unaipa programu maandishi mafupi yoyote, unaitajia alama, tuseme kistari, nayo inasoma ramani na kuyaandika maandishi hayo ndani ya nakala, kila mahali penye kistari, bila kuigusa diski mbovu tena. Halafu unatafuta maneno hayo kwenye faili zote. Zitakazokutwa nayo ndizo zenye jeraha, na mteja anaweza kupewa orodha yenye majina: picha hizi saba, hati hii moja. Ungeandika hata "HAPAJASOMEKA", programu haibagui lugha.

Nimesema kuna kasoro. Ya kwanza iko kichwani mwa ramani. Juu ya orodha ya vipande kuna mstari mmoja unaosema programu imefika wapi na inafanya hatua gani, na hatua hiyo kwa kawaida inaandikwa kwa alama zilezile za vipande. Pale juu alama ya kuuliza inamaanisha "ninanakili", nyota "ninapunguza kingo", kistari "ninarudia mabovu". Herufi moja ina maana mbili kutegemea imekaa mstari gani. Kuna mantiki, kila hatua imeitwa kwa alama ya vipande inavyovishughulikia, lakini aliyeandika skripti kwa haraka atauhesabu mstari huo kama kipande, na hesabu zake zitachafuka kimyakimya. Afadhali atumie ddrescuelog, programu ndogo inayokuja pamoja, ambayo inasoma ramani na kutoa muhtasari wa hali kwa usahihi.

Ya pili ni nzito zaidi. Alama ya kujumlisha inasema sekta ilisomeka bila diski kulalamika. Haisemi kilichosomeka ni kile kilichoandikwa. Kadi za bei ya chini zinazodai GB nyingi kuliko zilizo nazo hujibu maombi yote kwa adabu na kutoa takataka, na ramani yake itang'aa kwa kujumlisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Lugha iliyojipa daraja nne za shaka upande wa kukataa haikujipa hata moja upande wa kukubali. Najua sababu: programu haiwezi kujua, na haitaki kusingizia. Hata hivyo msomaji anabaki na alama moja yenye uhakika kuliko inavyostahili.

Ya tatu ni muda uliobaki, mwishoni mwa mwandamo. Unakadiriwa kutokana na mwendo, na mwendo wa diski mbovu haufuati ahadi. Unaweza kusoma dakika ishirini, programu ikagusa eneo baya, ukasoma siku tisa, ikatoka, ukarudi kwenye saa moja. Ningelikuwa na uwezo ningeliacha tupu eneo hilo mpaka hatua ya kwanza iishe. Ndicho kipimo ambacho mteja hukiuliza baada ya asilimia, na ndicho fundi hukitaja kwa majuto.

Kwa anayetaka kumtumia mteja habari kwa simu, ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160, nazo zinatosha. Skripti isome ramani, iache skrini, na iandike kitu kama hiki: "Zimesomeka GB 499.2. Hazijaguswa bado MB 900. Zimekataa MB 2. Mwanzo wa diski ni mzima. Kazi inaendelea." Sentensi ya nne ndiyo iliyochukua nafasi ya asilimia, inatokana na kuangalia kama megabaiti za kwanza zote zina alama ya kujumlisha, mistari michache tu ya programu. Mteja akipata ujumbe huo hatauliza tena imefika ngapi. Atauliza hizo MB 900 mtazigusa lini, na jibu la swali hilo fundi analo tayari, kwenye mstari wa mwisho kabisa wa skrini, unaotaja hatua na safari: ya kwanza kwenda mbele, au ya pili kurudi nyuma.